Kuhusu Mkono wa Bibi Yako wa Bohol

Riziki mwanangu,

Sasa hivi umeingia jikoni, umeushika mkono wangu wa kulia unaonuka vitunguu, ukainama na kuugusisha kwenye paji la uso wako. Ukauliza, "Ni hivi, sivyo?" Nikasema ndiyo, ni hivi. Ukaurudisha mkono wangu juu ya meza polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, ukasema, "Sharp, sawa. Namna ya kufanya nimeijua. Ila huyo bibi sitamfanyia." Halafu ukaenda chumbani kufunga sanduku, na mimi nimebaki hapa na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, na karatasi hizi.

Kesho mchana unaondoka. Habari za sweta, za dawa, za nani atakupokea Cebu huko Ufilipino na nani atakuvusha maji kwenda Bohol, umeshaambiwa na shangazi yako, na watu wa kanisa, na wateja wangu wote wa saluni ya Joubert Park, hata wale waliokuja kusuka mara moja tu. Sitazirudia. Nataka kukuandikia habari ya huo mkono, kwa sababu kwa mdomo ungenikatiza.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kutaja bei na kujibu polisi. Najua utasoma polepole, na utasoma kwa sauti, kama ulivyokuwa unanisomea kile kitabu cha historia ya Ufilipino alichokutumia shangazi yako. Mimi nasuka, wewe umekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, unasoma Kiingereza na kunitafsiria nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kizulu, na mama mwenye kichwa mikononi mwangu anauliza, "Sasa huyo mfalme waliishia kumuua au hawakumuua?" Unamjibu, "Si mfalme, mama. Ni datu." Naye anasema, "Haya, huyo datu. Waliishia kumuua?"

Nusu ya mambo uliyosoma nilikuwa nayajua. Sikukuambia, maana ulifurahi kunifundisha na mimi nilifurahi kukuona. Aliyenifundisha kwanza ni baba yako, Dani. Na yeye alifundishwa na mama yake, Lola wako, yaani bibi kwa lugha yao, aliyekuwa mwalimu wa historia kwenye shule ya msingi huko Bohol. Kila hadithi ya Dani ilianza na maneno hayohayo: mama anasema. Kwa hiyo ninachokijua kuhusu nchi unayokwenda, nimekipata kwa yule mama unayemkasirikia. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa nasuka. Vidole vinajua kazi yao, kichwa kinabaki huru.

Unajua nilikutana na baba yako Durban, lakini sijawahi kukupa mpangilio wake. Nilikuwa na miaka yako. Tulitoka kwetu Uvira mimi na Mjomba, kwa lori, kwa miguu, na kwa lori tena. Baba yangu alikuwa ameshafariki, basi Mjomba ndiye aliyekuwa mkubwa wangu, na mpaka leo yeye ndiye wa kusema maneno ya familia. Bandarini kulikuwa na meli iliyokwama. Mwenye meli alishindwa kulipa watu akazima simu, na mabaharia wakabaki ndani yake miezi na miezi bila mshahara, karibu wote Wafilipino. Kanisa letu likawa linawapikia kila Jumamosi.

Tuliwapelekea bugali na ndakala, dagaa wa kwetu. Wakawa wanausukuma bugali huku na huku kwenye sahani. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Hawa wanakula kama wamelazwa." Baba yako akasimama kwa niaba ya wenzake, akasema kwa adabu kwamba wanashukuru sana, ila kwao ni mchele, asubuhi, mchana na jioni. Yule mama akamjibu, "Na sisi tunataka kurudi kwetu. Kula, kijana." Nikamtafsiria. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akala.

Baada ya hapo akawa anabaki kunisaidia kuosha masufuria, na huku tunaosha ananisimulia, kwa Kiingereza chepesi na kwa mikono. Aliniambia kwamba watu wa zamani wa visiwa vile walifika kwa mashua, na kila mashua ilikuwa ukoo mmoja na jamaa zake. Waliposhuka nchi kavu hawakutawanyika. Wale wa mashua moja wakawa kijiji kimoja chini ya datu wao, na kijiji wakakiita kwa jina la mashua, barangay, mpaka leo. Nilimwelewa mara moja. Durban nzima ile tuliitana ndugu wa lori. Watu ambao Uvira tusingesalimiana, kwa sababu tulipanda lori moja kule mpakani, walikuja kunipikia nilipojifungua.

Sitaki uende ukidhani palikuwa peponi kabla ya Wahispania. Dani hakunificha, na kitabu chako nacho hakikuficha. Walikuwa na watumwa, wengine kwa sababu ya deni la baba zao. Kijiji kilivamia kijiji na kuteka watu. Lakini pia walikuwa na wanawake walioponya wagonjwa na kusema na mizimu, na datu mwenyewe hakuanza jambo kubwa bila kuwauliza. Hapo ulisimamisha kusoma, ukamwambia mteja wangu, "Umesikia? Wanawake." Naye akasema, "Nimesikia, endelea, hii foleni ni ndefu."

Sasa nifike kwenye mkono.

Jumapili moja Dani alikuja nyumbani kurudisha sufuria. Nyumba ni neno kubwa, kilikuwa chumba kimoja na pazia katikati. Mjomba amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Dani akaingia, akaweka sufuria chini, akamwendea, akainama, akaushika mkono wa Mjomba na kuuweka kwenye paji la uso wake. Akanyanyuka, akatabasamu, akaniaga, akaenda zake.

Mjomba aliuangalia mkono wake. Halafu akasema, "Furaha, yule kijana amejitambulisha."

Nikamwambia, "Mbona hakusema neno?"

"Mwenye adabu hasemi siku ya kwanza. Hukuona alivyojishusha? Mwanaume mzima, tena wa mbali, anainama vile mbele ya mjomba wa msichana bure bure?"

Sikubisha. Kwetu mwanaume hukai naye hivihivi, lazima kwanza aje ajitambulishe kwa wakubwa, na baada ya siku hiyo watu wanaanza kuhesabu hatua zinazofuata. Mjomba aliwaeleza wazee wa kanisa. Kufika Jumamosi, akina mama wa kwaya walikuwa wananiita fiancée, mchumba. "Fiancée, mchele umeungua." "Fiancée, mwambie bwana abebe maji." Na mimi nikamchukulia Dani kama mtu ambaye ameshatamka. Nikampa moyo wangu wote kwa uhakika wa mtu aliyeposwa. Yeye alipokea kwa furaha, nadhani akashangaa kidogo kwamba mambo yanakwenda haraka namna ile.

Ulikuwa umeshaingia tumboni nilipogundua maana ya ule mkono. Tulikwenda kwenye nyumba ya mabaharia kule bandarini, na mzee wa Kizulu anayefagia pale akatokea na ufagio wake. Dani akamwendea, akainama, akauchukua mkono wake, akauweka kwenye paji la uso. Mzee akampigapiga bega, kama jambo la kila siku. Nikasimama pale pale.

Nikamuuliza, "Na huyu naye ana msichana?"

"Msichana gani?"

"Si umeposa kwake pia?"

Akacheka. Akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Akasema, "Furaha, ile ni salamu. Ni salamu ya mtu mkubwa. Ningemfanyia yeyote."

Tukakaa kwenye ukuta wa nje. Nikamweleza jinsi Mjomba alivyoelewa, na kanisa lilivyoelewa, na mimi. Halafu Dani akanisimulia ile habari ya damu ya Bohol, na aliposimulia siku hiyo haikuwa hadithi ya kuoshea masufuria.

Mama anasema, akaanza, Wahispania walipofika Bohol walimkuta datu mmoja wa pwani. Nahodha wao na huyo datu wakajichanja, wakachanganya damu na divai kikombeni, kila mmoja akanywa ya mwenzake. Kwa watu wa datu, hivyo ndivyo mgeni anavyofanywa ndugu. Baada ya pale humdanganyi, humdhuru, chakula chako ni chake na vita vyako ni vyake. Nikamwambia hata kwetu zamani walichanjiana chale, najua jambo hilo. Akasema, basi unajua alichokunywa datu. Lakini nahodha alikuwa ametumwa na mfalme wake. Alipomaliza kunywa, kwa hesabu ya kwao nchi ile ilikuwa imempokea mfalme. Walikunywa kikombe kimoja, wakafuta midomo, kila mmoja akaondoka na jambo lake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, wewe umekunywa nini?

Dani akasema, "Mimi na mjomba wako tumefanya hivyohivyo. Ila mimi sina jeshi."

Hapo nilicheka, ingawa nilikuwa nataka kulia.

Nakuambia haya bila kumpaka baba yako rangi nzuri wala mbaya. Kesho yake alirudi kwa Mjomba, mara hii na maneno. Akasema anataka kuoa. Mjomba akasema vizuri, nilijua tangu siku ile, na akataja mahari. Hakutaja ya kutisha, alitaja mbuzi na vitambaa na vitu vya mama yangu aliye Uvira, kama anavyotajiwa kijana yeyote. Dani akainamisha kichwa akakubali. Kitu ambacho hakukisema, na sisi hatukuuliza, ni kwamba kwao kijana haendi peke yake. Wazazi wake wanakwenda naye mpaka nyumbani kwa msichana, wanabeba chakula, wanakaa, wanazungumza wazazi kwa wazazi. Bila hapo, hakuna kilichofanyika.

Basi Mjomba kwa upande wake alikuwa anahesabu hatua ya pili ya ndoa. Lola kwa upande wake, aliposikia kwenye simu, hakuona hata hatua ya kwanza. Alimwambia Dani ngoja, rudi nyumbani upumzike, tutaomba pesa kwa ndugu, nitakwenda mimi mwenyewe huko Afrika nikae na huyo mzee. Dani hakungoja. Meli iliuzwa, wakarudishwa kwao kwa ndege, na kabla hajakaa akasaini meli nyingine ili apate mbuzi wa Mjomba. Ulikuwa unaanza kutambaa homa ilipomchukua, katikati ya bahari, siku nyingi mbali na daktari. Picha yako alikuwa nayo, hilo mwenzake mmoja alinipigia kuniambia.

Mimi nikamtumia Lola picha nyingine. Ikarudi. Shangazi yako alipokutafuta mwaka juzi, ulimuuliza kwa nini ilirudi, akakujibu kwamba mama yake alisema hana mjukuu wa harusi asiyoijua. Tangu siku hiyo umeyabeba maneno hayo, na sikulaumu. Ni wewe uliyekuwa kwenye picha.

Lakini mwaka jana shangazi alinieleza mimi kilichobaki. Lola aliamini, na huenda mpaka sasa anaamini, kwamba watu wa Afrika waliishika salamu ya mwanawe wakaigeuza uchumba, halafu wakamtuma baharini amechoka akatafute mbuzi. Nilipoyasikia nilikuwa kwenye robot, taa za magari, pale Bertrams. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, nimesimama tu. Kwa sababu ukiyapanga vile, hayana uongo. Kila kitu kilitokea. Ni upande tu aliosimama yeye.

Na kuna sehemu yangu humo. Siku Mjomba alipotaja mahari nilikuwa nyuma ya pazia. Niliona jinsi Dani alivyokonda. Miezi ile yote kwenye meli ilikuwa imemla. Ningeweza kutoka na kusema, Mjomba, mwache kwanza aende akalale kwa mama yake, mbuzi watakuja. Mjomba angenisikiliza, ni mtu wa kusikia. Sikutoka. Niliona raha kutajiwa mbuzi katika nchi ambayo hakuna aliyekuwa anajua jina langu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilitaka kuwa na thamani mbele za watu. Hilo ndilo lote. Silii tena nikilikumbuka, ila nimeona ulijue kabla hujakaa meza moja na Lola.

Sasa nikurudishe kwenye kitabu chako, maana najua mahali ulipochukulia ukali wako. Ni ile sura ya Bohol. Unaikumbuka siku uliyoisoma, tulikuwa na mteja wa Kitanzania anayetaka rasta ndogondogo, na tulishinda naye tangu asubuhi. Wahispania walikuwa wameshakaa muda mrefu. Mapadri walikuwa wamewaambia watu waache kuishi mtu na shamba lake, wakawahamishia karibu na kanisa ili kila nyumba isikie kengele. Aliyesikia kengele alihesabika, alitozwa kodi, aliitwa kazini kukata miti na kujenga meli bila malipo. Wale wanawake waponyaji wakaitwa wachawi. Asiyetaka kengele alikimbilia milimani. Halafu padri mmoja akakataa kumzika mtu. Marehemu alikufa katika ugomvi, padri akasema huyu hana ardhi ya kanisa, na maiti ikakaa ikaharibika. Ndugu yake akaibeba mwenyewe, akaizika, akapanda mlimani na watu wake. Wakakaa huko zaidi ya miaka themanini. Wana wao na wajukuu wao walizaliwa huko juu, wakalima, wakapigana, hawakushuka.

Ulinyanyuka kitini. Ulisema, "Mama, hawa ndio watu wangu."

Yule Mtanzania akasema, "Dada, wewe kaa, usije ukaangusha maji ya moto."

Nilikuuliza swali siku ile. Nilisema, mtoto aliyezaliwa mlimani mwaka wa hamsini, ambaye marehemu hakumjua na padri hakumjua, yeye alikuwa na nini? Ukanijibu haraka, "Alikuwa na mlima." Nimelibeba jibu lako mpaka leo. Sijapata la kulishinda. Sisemi wale watu walikosea. Kama mtu angekataa kumzika ndugu yangu, sijui ningepanda mlima upi. Na mara nyingine nawaza kwamba wangeshuka mapema wangekuta kengele ileile na kodi ileile. Kwa hiyo sikuandikii ili nikuambie samehe. Ni neno ambalo watu wamenitupia sana mimi, mkimbizi, hasa watu ambao hawakupoteza kitu.

Ninachokiona ni kidogo zaidi ya hapo. Wewe unataka kuuzuia mkono wako kwa sababu unajua maana yake, kwamba ukiinama utakuwa umekubali picha ilirudi kwa haki. Lola huenda atanyoosha wa kwake akiwa na maana nyingine kabisa, au asinyooshe, na wewe utadhani unajua kwa nini. Mtasimama hapo kwenye kivuko, na shangazi yako katikati na mizigo, kila mmoja na kikombe chake. Na hicho ndicho nilichokifanya mimi nikiwa na miaka yako. Niliona mtu mmoja akiinama, nikajaza mwenyewe yaliyobaki.

Sehemu ya mwisho ya kitabu hukunisomea vizuri, ulikuwa na mitihani. Niliimalizia na baba yako miaka ile, kwa mdomo. Alikuwa anaipenda kuliko zote. Mwisho kabisa wa utawala wa Wahispania, watu wa kawaida, makarani, mafundi, wabeba mizigo, walianzisha chama cha siri. Wanaume wanakutana chumba cha nyuma, na mbele wanawake wanacheza na kuimba ili askari akipita aone sherehe. Dani alikuwa anachezea pale nje kwenye masufuria kunionyesha, na povu mikononi. Siku walipoinuka walichana vyeti vyao vya kodi hadharani. Na aliyeingia kwenye chama alichanjwa mkono, akaandika jina lake kwa damu yake.

Nikamwambia, "Damu tena? Hawakujifunza?"

Akasema, "Walijifunza. Mama anasema, safari hii walianza na maswali."

Yaani kabla ya kisu, mtu aliulizwa matatu. Nchi yetu ilikuwaje zamani. Sasa ikoje. Itakuwaje baadaye. Ilibidi ajibu kwa mdomo wake, wenzake wanamsikia, na asipojibu vizuri wanamsaidia. Ndipo damu. Kwa hiyo kila mtu mle chumbani alijua mwenzake anaingia na nini. Baadaye yaliharibika pia, waligombana wenyewe kwa wenyewe, na Waamerika wakaja wakajifanya marafiki. Yote hayo utayasoma huko. Lakini hilo la kuuliza kwanza Dani alilirudia mara mbili, siku zile za mwisho kabla hajaondoka, na nadhani alikuwa anajisemea mwenyewe.

Basi nilichofikiria ni hiki, na ukikiona cha kizamani kiache. Usimfanyie Lola ile salamu, kama moyo haujafika. Hakuna atakayekufa. Wala usimnyime kimyakimya, kwa uso tu, ule uso wako ninaoujua. Kaa naye. Ni mwalimu, anapenda kuulizwa. Muulize nyumbani kulikuwaje kabla baba yako hajaondoka. Muulize siku ile picha ilipofika ilikuwaje, alikuwa amekaa wapi, nani alikuwepo. Halafu muulize yeye anaona itakuwaje, wewe na yeye. Msikilize mpaka mwisho, hata akisema mabaya juu yangu. Mengine yatakuwa kweli. Na umwambie ya kwako, bila kupunguza. Mwambie ulivyokua bila ukoo wa upande mmoja, na watoto wa shule walivyokuuliza macho yako ni ya wapi. Baada ya hapo, ukiinama, mtakuwa wawili mnaojua mnafanya nini. Usipoinama, nalo atajua maana yake, kwa sababu utakuwa umemwambia.

Mimi nina matumaini naye. Nitakuambia sababu, na ni sababu ndogo. Mtu aliyemfundisha mtoto wake hadithi ya damu kwa namna ile, mpaka mtoto akaikumbuka upande wa pili wa dunia siku aliyoihitaji, si mtu mgumu wa kufikiri. Amekaa tu upande wake muda mrefu, na hakuna aliyekwenda kumwambia wa kwetu. Mimi ningeweza kumwandikia. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Niliogopa Kiingereza changu, niliogopa picha kurudi tena, na wewe ukaendelea kukua huku nikiogopa. Sasa nakutuma wewe, na si haki kumtuma mtoto mahali ambapo mama hakuthubutu kwenda. Hilo nalo nililiona leo tu, ulipourudisha mkono wangu mezani.

Unaniita. Nimekujibu ngoja. Unasema si shangazi, ni Lola mwenyewe kwenye simu, na kwao saa hizi ni usiku mkubwa. Unasema hajakuuliza kitu, ameuliza tu kama mama yako yupo, na umesema kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwako tangu ukiwa mdogo. Nakuja. Nimekuambia mwambie asikate, nazima jiko tu, na umtafsirie polepole, kwa sababu mimi pia miaka yote hii nilikuwa nataka kumuuliza kama Dani alilala hata usiku mmoja kwake, kabla ya ile meli ya pili.